Gramu tano, kipeo cha kumi na nne

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma kidato cha sita, naishi Mwanga hapa Kigoma. Tulipewa swali la kutafuta nishati inayolingana na gramu 5 za maada, tukaambiwa tuchukue kasi ya mwanga kuwa 3 × 10⁸ m/s. Mimi nimepata 4.5 × 10¹⁷. Rafiki yangu kapata 1.5 × 10¹⁴. Nyuma ya kitabu wameandika 4.5 × 10¹⁴, basi, hakuna maelezo. Nani kakosea wapi? Halafu kaka yangu, ambaye ni mvuvi wa dagaa, alinisikia nikisoma kwa sauti akacheka. Akasema kama gramu tano zina nguvu zote hizo, mbona yeye kila jioni ananunua petroli ya mashine? Nilikosa jibu.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kitabu kiko sahihi, ninyi wawili mmekosea, na makosa yenu hayafanani. La kaka yako nitalifikia. Nakiri ndilo lililonikalisha chini kuandika, kwa sababu la kwanza ni la kusahihisha daftari tu, lakini la kaka yako lina fizikia ndani yake.

Darasani haya mnayasoma kwa Kiingereza, kwa hiyo tupatane majina kwanza. Ile namba ndogo inayokaa juu ya kumi ni kipeo. Ile inayotangulia, yaani 4.5 yako, mimi huiita kichwa. Si jina la kitabuni, ni langu, ila wanafunzi wangu wamelizoea. Ukiandika namba kisayansi, kichwa kinaanzia 1 na hakifiki 10, na ukubwa wote uliobaki unabebwa na kipeo. Tungamo ni kile kinachopimwa kwa kilo, na nishati tutaipima kwa jouli (J). Fomula yenyewe ni E = mc²: nishati (E) ni tungamo (m) mara mraba wa kasi ya mwanga (c), na mraba wa 3 × 10⁸ ni 9 × 10¹⁶.

Tuanze na kosa lako, maana ndilo kubwa. Ulichukua 5 ukazidisha kwa 9 × 10¹⁶, ukapata 45 × 10¹⁶, ukasogeza nukta, ikawa 4.5 × 10¹⁷. Kuzidisha kwako hakuna doa. Tatizo ni kwamba uliingiza gramu mahali panapodai kilo. Jouli imeundwa kwa vipimo vingine: ni kilo, mara mita mraba, gawanya kwa sekunde mraba. Ukishaandika kasi kwa mita na sekunde, huna ruhusa tena ya kuleta gramu. Nenda Kibirizi ukanunue dagaa wakavu. Muuzaji akupimie gramu tano, dagaa wa kuhesabika kwenye kiganja, halafu akudai hela ya kilo tano. Ugomvi wenu utasikika mpaka Ujiji. Wewe kwenye daftari umelipa hela hiyo bila kulalamika.

Gramu moja ni 10⁻³ ya kilo, kwa hiyo gramu 5 ni 5 × 10⁻³ kg. Sasa andika yote:

E = (5 × 10⁻³) × (3 × 10⁸)²
E = (5 × 10⁻³) × (9 × 10¹⁶)
E = 45 × 10¹³
E = 4.5 × 10¹⁴ J

Vichwa vimezidishwa kwa vichwa, 5 mara 9. Vipeo vimejumlishwa, −3 na 16, vikatoa 13. Kwa kuwa 45 haifai kuwa kichwa, nukta imerudi kushoto hatua moja na kipeo kimepanda kimoja. Kichwa kikipungua mara kumi, lazima kipeo kifidie. Wengi hukosea mwelekeo hapo, wakaandika 10¹². Ukipata shaka jaribu kwa namba ndogo: 45 × 10 ni 450, na 4.5 × 10² ni 450 vilevile. Kipeo kimepanda.

Rafiki yako alikumbuka kilo, mpe pongezi zake. Alipoteleza ni kwenye mraba. Aliona (3 × 10⁸)² akapeleka mraba kwenye kumi peke yake, akabaki na 3 × 10¹⁶, na 5 mara 3 ikampa 15. Mraba ule uko nje ya mabano, kwa hiyo unawagusa wote waliomo ndani: 3 inakuwa 9, na 10⁸ inakuwa 10¹⁶. Simcheki. Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha, nikiwa Tabora, niliandika 3 × 10¹⁶ ubaoni kwa mkono wangu mwenyewe, darasa zima likanakili, na nikaja kushtuka usiku nikiwa nimeshalala.

Kuna kosa la tatu ambalo ninyi hamkulifanya, lakini nimelikuta kwenye madaftari mengi: mtu anachukua kipeo 8 anakipiga mraba chenyewe, anaandika 10⁶⁴. Kipeo kikiingia kwenye kipeo vinazidishwa, 8 mara 2. Anayeandika 10⁶⁴ atapata 4.5 × 10⁶² kwa gramu zake tano. Jua lenyewe lina tungamo ya takriban 2 × 10³⁰ kg, na lote likigeuzwa kuwa nishati halizidi 1.8 × 10⁴⁷ J. Kiganja cha dagaa kimelipita Jua, na mwenye daftari amepiga mstari chini ya jibu.

Sasa, kati yako na rafiki yako nani kakosea zaidi? Msahihishaji huenda akawanyima alama sawa. Mimi naona yeye yuko karibu na ukweli kuliko wewe. Jibu lake ni theluthi moja ya jibu sahihi, lako limezidi mara elfu. Kichwa chako, 4.5, kinafanana na cha kitabu na ndiyo maana ulishangaa, lakini kichwa kizuri kwenye kipeo kibovu ni kama kufika stesheni kwa saa sahihi ya siku isiyo na treni.

Kwenye kikokotoo pia kuna mtego. Kitufe cha EXP, au kile chenye alama ya ×10 na kipeo, maana yake tayari ni "mara kumi kwa kipeo cha". Ukibonyeza 3, kisha × 10, kisha EXP, kisha 8, umeandika 3 × 10⁹, na ukipiga mraba kosa la mara kumi linakuwa la mara mia. Bonyeza 3 EXP 8 na basi, na uweke mabano kabla ya kupiga mraba. Kioo kikionyesha 4.5E14, kwenye karatasi andika 4.5 × 10¹⁴ J. Ile E ya kioo haina uhusiano wowote na E ya nishati.

Kuhusu ile 3 × 10⁸: kasi kamili ya mwanga ni mita 299,792,458 kwa sekunde. Namba hiyo haipimwi tena. Tangu mwaka 1983 mita yenyewe imefafanuliwa kutokana nayo. Mraba wake ni 8.98755 × 10¹⁶, hivyo gramu 5 kamili hutoa 4.494 × 10¹⁴ J. Tofauti na jibu la kitabu haifiki hata sehemu mbili kwa elfu. Mtu mkali angesema 5 iliyoandikwa bila desimali haistahili jibu lenye tarakimu mbili. Ana hoja, ila usiingie naye ugomvi kwenye chumba cha mtihani.

Sasa tuipe namba hii sura. Uniti moja ya umeme, ile unayonunua kwa LUKU, ni kilowati-saa moja, sawa na 3.6 × 10⁶ J. Gawanya: 4.5 gawanya kwa 3.6 ni 1.25, na 14 toa 6 ni 8. Hizo ni 1.25 × 10⁸, uniti milioni 125. Nyumba inayotumia uniti 100 kwa mwezi hutumia 1,200 kwa mwaka, kwa hiyo gramu zako tano zingewasha nyumba zaidi ya laki moja mwaka mzima. Au itazame hivi: mitambo yote tisa ya Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, ikizunguka kwa uwezo wake wote wa megawati 2,115, ingehitaji siku mbili na nusu hivi kuzalisha kiasi hicho.

Sasa kaka yako. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu 3.3 × 10⁷ J. Gawanya 4.5 × 10¹⁴ kwa hiyo: lita milioni 13.6. Kama anatumia dumu la lita 20 kila usiku, gramu tano zingemvusha usiku 680,000, zaidi ya miaka 1,800, hata asipopumzika zile siku za mbalamwezi ambazo dagaa hawaijii taa. Kwa hiyo kicheko chake nakielewa. Mtu aliyezoea kubeba dumu begani hawezi kuambiwa hivyo akanyamaza.

Lakini angalia tulichokifanya. Tumehesabu nishati ya maada ambayo imetoweka yote, imekwisha kabisa, haikuacha moshi wala majivu. Petroli haitoweki hivyo. Dumu la lita 20 lina kilo kama 15. Ikiungua, kaboni yake inabaki kaboni na haidrojeni inabaki haidrojeni, ila zimeachana zenyewe kwa zenyewe na kuungana na oksijeni ya hewa. Kinachotoka kwenye bomba la moshi, ukikikusanya chote, ni kizito kuliko petroli uliyomimina: kaboni dayoksaidi peke yake inapita kilo 40, kwa sababu ya hiyo oksijeni iliyojiunga njiani. Dumu likiwa tupu watu husema mafuta yamegeuka nguvu. Yamegeuka moshi na mvuke. Nguvu imetoka kwenye namna atomu zilivyoshikana.

Je, basi E = mc² haihusiki kwenye mashine ya boti? Inahusika, na hapa ndipo napenda kukaa. Dumu zima limetoa 20 × 3.3 × 10⁷, yaani 6.6 × 10⁸ J. Igawe kwa 9 × 10¹⁶: 6.6 gawanya kwa 9 ni 0.73, na 8 toa 16 ni −8. Hiyo ni 0.73 × 10⁻⁸, tuiweke sawa iwe 7.3 × 10⁻⁹ kg. Ukipima petroli na oksijeni kabla, ukapima moshi na mvuke baada ya joto lote kuondoka, utakuta zimepungua sehemu saba hivi za milioni ya gramu. Upungufu huo ndio m ya usiku mzima wa kaka yako ziwani. Kati ya kilo 15 alizobeba, zilizolipa safari ni sehemu tano kati ya bilioni kumi. Mizani ya sokoni haiwezi kuuona upungufu huo, na ndiyo maana wanakemia wa zamani walipima wakahakikisha kwamba tungamo haipotei kwenye kuungua. Hawakuwa wazembe.

Albert Einstein alipoandika jambo hili mwaka 1905, akiwa mfanyakazi wa ofisi ya hataza mjini Bern, karatasi yake fupi haikuwa na E = mc² kwa herufi hizi. Alisema mwili ukitoa nishati L kwa njia ya mionzi, tungamo yake hupungua kwa L gawanya kwa V mraba, na V ilikuwa kasi ya mwanga. Mimi naona umbo lile la mwanzo linafundisha vizuri kuliko hili linalochapwa kwenye fulana, kwa sababu neno "hupungua" limo ndani. Ukikutana na fomula hii kwenye mtihani, jiulize m ni tungamo ipi. Swali lenu lilisema "inayolingana", kwa hiyo m ni gramu 5 zote. Swali likisema kiini cha atomu kimepasuka au viini vimeungana, m ni ile iliyopungua, nayo hutafutwa kwa kutoa.

Kwenye kutoa huko, maandishi ya kisayansi yana masharti yake. Chukua haidrojeni inayogeuka heliamu ndani ya Jua. Atomu nne za haidrojeni zina tungamo ya 6.6941 × 10⁻²⁷ kg, atomu moja ya heliamu ina 6.6465 × 10⁻²⁷ kg. Vipeo vinalingana, kwa hiyo ruhusa unayo ya kutoa vichwa: 0.0476 × 10⁻²⁷, yaani 4.76 × 10⁻²⁹ kg. Zidisha kwa 9 × 10¹⁶ upate 4.3 × 10⁻¹² J. Vipeo visipolingana, usitoe mpaka uvilinganishe. Na usikadirie mapema! Ukikata haidrojeni moja iwe 1.7 × 10⁻²⁷, nne zitakuwa 6.8, heliamu ukiikata iwe 6.6, tofauti inakuwa 0.2, zaidi ya mara nne ya ile ya kweli. Namba mbili zinazokaribiana hivi, jibu lote limejificha kwenye tarakimu za mwisho, na wewe umezitupa.

Upungufu ule ni asilimia 0.7 tu ya haidrojeni iliyoanza. Kiini cha urani kikipasuka kinatoa pungufu ya hapo, chini ya sehemu moja kwa elfu. Bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 lilibeba kilo 64 hivi za urani. Nguvu yake, kama tani 15,000 za baruti ya TNT, ni 6.3 × 10¹³ J, na ukiigawa kwa 9 × 10¹⁶ unapata 7 × 10⁻⁴ kg. Gramu 0.7. Gramu tano za swali lenu ni mara saba ya hiyo. Waandishi wa maswali hupenda kuchagua gramu 5 kana kwamba ni chumvi ya kutia kwenye mchuzi.

Kwa hiyo mjibu kaka yako hivi: gramu tano zina nishati hiyo, ila hakuna injini inayoweza kuitoa yote. Petroli inaachia sehemu tano za bilioni kumi, urani chini ya moja ya elfu, Jua saba za elfu. Cha kutoweka kabisa ni maada ikikutana na kinyume chake, kama elektroni na positroni, zinapofutana na kubaki mionzi mitupu. Hiyo haiuzwi kwa dumu.

Akiendelea kucheka, mpe hesabu ya ziwa lake. Ziwa Tanganyika lina maji kilometa za ujazo zipatazo 18,900. Kilometa moja ya ujazo ni mita za ujazo 10⁹, na mita moja ya ujazo ya maji ni kilo 10³, kwa hiyo ziwa lina 1.89 × 10⁴ × 10⁹ × 10³, yaani 1.89 × 10¹⁶ kg. Kupasha kilo moja ya maji kwa nyuzi moja ya Selsiasi kunataka jouli 4.2 × 10³. Ziwa zima, kutoka Kigoma hadi pwani ya Kongo, kutoka Burundi hadi Zambia, kutoka juu hadi kilindi cha mita 1,470, likipata joto la nyuzi moja tu litakuwa limemeza 7.9 × 10¹⁹ J. Gawanya kwa 9 × 10¹⁶: 0.88 × 10³, yaani 8.8 × 10² kg. Kilo 880, karibu magunia tisa ya mahindi. Maji hayakuongezeka hata tone, lakini ziwa lingekuwa zito kwa kiasi hicho, kwa sababu joto nalo lina tungamo yake.

Bila shaka halipati joto lote kwa pamoja. Jua linapasha maji ya juu mchana, usiku yanapoa, na ya kilindini hayana habari. Maana yake ziwa la saa kumi jioni ni zito kidogo kuliko la alfajiri, hata ukiacha mvua, mito na mvuke pembeni. Kwa kiasi gani, nakuachia wewe na rafiki yako mkokotoe. Eneo la ziwa ni kama kilometa za mraba 32,900. Mtahitaji kukadiria ni mita ngapi za juu zinazopata joto mchana, na kwa nyuzi ngapi. Hapo mwulizeni kaka yako, yeye ndiye anayetia mkono kwenye maji hayo jioni na alfajiri.